Chichén Itzá asubuhi, senote mchana: namna ya kupanga siku moja Yucatán

Safari ya siku moja ya Chichén Itzá, magofu ya mji wa kale wa Wamaya nchini Meksiko, hunoga au huharibika kwa jambo moja, nalo ni saa ya kufika getini. Geti hufunguliwa saa 2 asubuhi. Anayeingia saa hiyo hukuta piramidi ya Kukulkan imesimama peke yake katikati ya uwanja wa nyasi, vivuli bado virefu na hewa bado inavutika. Anayeingia saa 6 mchana hukuta maelfu ya watu, jua la utosi, na waongozaji wanaoshindana kupaza sauti. Tiketi ni ileile, bei ni ileile.

Kinachowachelewesha wengi ni mpangilio wa safari za makundi makubwa kutoka Cancún na Playa del Carmen. Basi huanza kukusanya watu hotelini kwenye saa 1 asubuhi, huzunguka hoteli baada ya hoteli, kisha husimama kwenye duka kubwa la zawadi, halafu kwenye chakula cha mchana, na magofu huwa ya mwisho au ya katikati ya joto. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza maswali matatu na utake yajibiwe kwa maandishi: tunaingia getini saa ngapi, tutakaa magofuni kwa muda gani, na tutasimama dukani mara ngapi. Jibu zuri ni kuingia kati ya saa 2 na saa 3, na kukaa si chini ya saa mbili na nusu. Kampuni ikijibu kwa mafumbo, tafuta nyingine.

Kuna mtego wa saa ambao hata wasafiri wazoefu huingia. Jimbo la Quintana Roo, lenye Cancún, Playa del Carmen na Tulum, lilihamia saa nyingine mwaka 2015, na sasa liko saa moja mbele ya jimbo la Yucatán, ambako ndiko Chichén Itzá na Valladolid ziliko. Tangu Meksiko ilipoacha kubadilisha saa za majira mwaka 2022, tofauti hiyo ni ya mwaka mzima. Asubuhi inakusaidia. Cancún hadi Chichén Itzá ni kilomita 200 hivi, mwendo wa saa mbili na nusu kwa barabara ya kulipia. Ukiondoka Cancún saa 12 kamili asubuhi kwa saa ya huko, utafika saa 1:30 kwa saa ya Yucatán. Jioni inakudai hiyo saa moja uliyopewa. Simu nyingi hubadilisha saa zenyewe mnapovuka mpaka wa majimbo, nyingine zikabaki na saa ya zamani kwa sababu mtandao porini ni hafifu. Mkikubaliana saa ya kukutana kwenye basi, mwulize dereva kwa mdomo: hii ni saa ya wapi?

Kama una siku mbili, lala Valladolid. Ni mji mtulivu, na kutoka hapo hadi magofuni ni kilomita 45 tu. Mabasi makubwa ya kampuni ya ADO huunganisha Cancún na Valladolid, na kutoka Valladolid kuna magari madogo ya abiria yanayoitwa kolektivo, yanayoondoka yakijaa, kama daladala zilivyo. Treni ya Maya nayo, iliyoanza kubeba abiria Desemba 2023, ina vituo Valladolid na Chichén Itzá, ila angalia ratiba yake kwanza, maana treni ikifika saa 5 asubuhi umekwisha ukosa uzuri wa asubuhi.

Kuhusu hati: pasipoti za Kenya na Tanzania huhitaji viza ya Meksiko, lakini mwenye viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Schengen, au mwenye ukaazi wa kudumu katika nchi hizo, huingia kama mtalii bila viza nyingine. Ndugu zetu wengi walioko Marekani huenda kwa njia hiyo. Thibitisha ubalozini kabla ya kukata tiketi, kwa sababu hati za safari za wakimbizi zina masharti yake.

Sasa fedha. Bei inayotangazwa kwa safari mara nyingi haina kiingilio ndani yake, na kiingilio cha Chichén Itzá si kidogo. Kina sehemu mbili: moja ya taasisi ya taifa ya mambo ya kale, INAH, na nyingine ya serikali ya jimbo la Yucatán. Hulipwa kwenye madirisha mawili tofauti na hutolewa tiketi mbili. Zote zinatakiwa mlangoni, usitupe mojawapo ukidhani ni risiti. Kwa mgeni mtu mzima jumla imepita peso 600, na hupandishwa karibu kila Januari. Usipoambiwa mapema, utadaiwa ndani ya basi, pengine kwa dola na kwa kiwango kibaya. Beba peso taslimu za kiingilio, senote (mashimo ya maji ya kuogelea), chakula na bahashishi. Mashine za kadi zipo, lakini mtandao ukikatika foleni husimama na mwenye noti hupita. Jumapili raia wa Meksiko huingia bila kulipa ile sehemu ya taifa, hivyo watu hujaa kupita kiasi. Chagua siku nyingine.

Tukiingia magofuni, la kwanza kulielewa ni maji, kwa sababu bila maji mji huu usingekuwepo. Kaskazini mwa rasi ya Yucatán hakuna mto unaopita juu ya ardhi. Ardhi yote ni mwamba wa chokaa wenye matundu, wa jinsi moja na mawe ya matumbawe ya Unguja na Lamu. Mvua ikinyesha haitiririki, inapenya. Ikipita hewani na kwenye udongo hubeba hewa ya ukaa na kupata uchachu kidogo, na uchachu huo huula mwamba taratibu hadi kuacha mapango. Pango likitanuka sana, paa huishiwa nguvu na kuporomoka, na kinachobaki ni shimo la duara lenye maji ya kunywa chini yake. Hiyo ndiyo senote. Aliyewahi kushuka pango la Kuza pale Jambiani ameona jambo hilihili kwa udogo wake. Chini ya rasi ya Yucatán mapango yameungana: mtandao wa Sac Actun karibu na Tulum ulipimwa mwaka 2018 na kukutwa una zaidi ya kilomita 340 za njia zilizojaa maji. Ndani ya maji hayo kuna nguzo za mawe zinazoning'inia, ambazo hujengwa kwa matone ya maji hewani tu. Maana yake mapango yalikuwa makavu zama za barafu, bahari ilipokuwa chini, kisha yakafurika.

Ukishajua hilo, jiji lote linasomeka. Nyuso za Chaac, mungu wa mvua mwenye pua ndefu iliyopinda, zimejaa kwenye majengo ya kusini. Barabara nyeupe ya mawe inatoka uwanja mkuu mita 300 hivi kuelekea kaskazini hadi Senote Takatifu, shimo lenye upana wa mita 60 na kuta zilizosimama wima. Maji yake ni ya kijani na hakuna anayeogelea. Watu wa mji walichota maji kwenye senote nyingine, Xtoloc, na hii waliiachia sadaka. Mmarekani Edward Thompson alianza kuikwangua mwaka 1904, akatoa dhahabu, jiwe la jedi, utomvu wa kopali wa kufukiza unaofanana na sandarusi ya pwani yetu, na mifupa ya watu. Vingi alivipeleka Chuo Kikuu cha Harvard, na baadhi vimerudishwa Meksiko.

Hapa ndipo unapompima mwongozaji wako. Asiyejua atakuambia walitupwa mabikira. Mifupa inasema vingine: kuna wanaume, wanawake na watoto wengi. Mwaka 2024 ulitolewa uchunguzi wa vinasaba vya watoto 64 waliokutwa kwenye shimo la kuhifadhia maji karibu na senote hiyo, na wote walikuwa wavulana, wakiwemo jozi mbili za mapacha wa kufanana. Kipimo kingine ni uwanja wa mpira. Ukiambiwa kwa uhakika kwamba mshindi ndiye aliyekatwa kichwa, jua unauziwa hadithi. Michoro ya ukutani inaonyesha mchezaji asiye na kichwa, damu ikimtoka shingoni kama nyoka, lakini haisemi kama alishinda au alishindwa. Mwongozaji aliyesajiliwa huvaa kitambulisho cha wizara ya utalii shingoni. Getini mara nyingi bei hutajwa kwa kundi zima, si kwa kichwa, hivyo watu wanne au watano wakiungana wanapata mtu wao kwa gharama nafuu. Mtafute mzawa wa vijiji vya jirani anayezungumza Kimaya nyumbani. Lugha hiyo ina wasemaji zaidi ya nusu milioni, na anayeisema hawazungumzii Wamaya kama watu waliotoweka. Heshima hiyo ina thamani kuliko tarehe zote atakazokutajia.

Njia nzuri ya kutembea ni hii. Ingia, nenda moja kwa moja upande wa kaskazini wa piramidi kabla makundi hayajafika. Ina urefu wa mita 30 pamoja na hekalu la juu, ngazi 91 kila upande, na ukijumlisha pande nne na kidato cha juu unapata 365. Kupanda kumekatazwa tangu 2006, baada ya mtalii kuanguka na kufa. Simama mita kadhaa mbele ya ngazi za kaskazini upige kofi moja kali. Mwangwi unaorudi hauwi wa kofi, unakuwa mlio wa ndege unaoshuka. Kila kidato hurudisha sauti kwa zamu yake, na vidato vya juu hurudisha kwa kuachana zaidi, ndiyo maana mlio unashuka. Mtaalamu wa sauti David Lubman aliulinganisha mwaka 1998 na mlio wa ndege kwetsali, ambaye manyoya yake yalikuwa ya wafalme. Fanya hivyo asubuhi. Saa 5 kila mtu anapiga makofi na hausikii kitu.

Kisha geuka kwenye uwanja mkuu wa mpira, wenye mita 168 kwa 70, mkubwa kuliko wote wa Meksiko ya kale, pete zake za mawe zikiwa mita 6 hivi juu. Pitia jukwaa la mafuvu, nenda Senote Takatifu na kurudi, kisha Hekalu la Mashujaa na nguzo zake. Sehemu ya kusini, yaani mnara wa duara wa Caracol uliotumika kutazama nyota na majengo ya Las Monjas, iache mwisho kwa sababu huko kuna miti. Watu wengi huikosa kwa kuchoka, na kwangu mimi ndiyo yenye uchongaji mtamu kuliko yote. Pale uwanjani vivuli ni haba mno. Mwishoni mwa Mei na katikati ya Julai jua hupita utosini kabisa, kivuli chako hukaa chini ya miguu. Aprili na Mei joto hufika nyuzi 38 na zaidi. Lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu ni kiwango cha chini, kofia pana ni lazima, na mwavuli wa kawaida unafaa kuliko watu wanavyodhani. Droni hairuhusiwi, stendi ya kamera huhitaji kibali.

Siku za mlingano wa usiku na mchana, Machi na Septemba, kivuli cha alasiri huchora mwili wa nyoka kwenye ukingo wa ngazi. Umati siku hizo ni mkubwa mno. Kivuli karibu sawa na hicho huonekana siku chache kabla na baada, na hizo ndizo siku za kwenda.

Ifikapo saa 5 hivi, toka. Chakula kwanza au senote kwanza? Senote kwanza, kwa sababu kushiba na kuogelea haviendani, na kwa sababu makundi mengi huwa magofuni au mezani wakati huo. Ik Kil ndiyo ya karibu, kilomita 3 tu: duara kubwa lililo wazi juu, maji yakiwa mita 26 chini, mizizi na mimea ikining'inia hadi majini. Ni nzuri kweli, ila mchana hujaa hadi ngazi zinakuwa foleni. Yokdzonot, mwendo wa kama dakika 20 kuelekea magharibi, inaendeshwa na ushirika wa wanawake wa Kimaya wa kijiji hicho, na fedha yako inabaki kwao. Mimi ningekwenda huko. Wanaolala Valladolid wana Zací katikati ya mji, na X'kekén na Samulá pale Dzitnup, ambazo ni mapango yenye tundu dogo juu. Nuru huingia kama mwale saa za katikati ya mchana tu, hivyo ukifika saa 10 utakuta giza na taa za umeme.

Kabla ya kuingia majini utaelekezwa bafuni, na hili si adabu tu. Maji ya senote hayana mkondo wa kuonekana, lakini ndiyo maji ya visima vya vijiji, na mengine hutembea chini ya mwamba hadi kwenye matumbawe ya Karibi. Mafuta ya kuzuia jua, dawa ya mbu, losheni, hata mafuta ya nazi kichwani, vyote huelea juu na kubaki. Oga kwa sabuni ukiwa bado hotelini, usipake chochote kuanzia hapo, na jikinge na jua kwa shati la mikono mirefu la kuogelea. Wenye nywele za kusuka wazisuuze vizuri mafuta yatoke na kuzifunga juu, maana zikilowa huwa nzito na hazikauki kwenye basi lenye kiyoyozi.

Jaketi okozi ni lazima katika senote nyingi, na hata usipolazimishwa, vaa. Anayejua kuogelea baharini amezoea mchanga unaopanda taratibu hadi kumbeba. Senote haina ufuo. Katika nyingi unatoka ngazini unaingia kwenye kina kinachoweza kufika mita 30 au 40, na ukuta wa pembeni ni jiwe linaloteleza lisilo na pa kushika. Maji haya hayana chumvi, hivyo hayakubebi juu kama bahari. Tena joto lake ni nyuzi 24 hadi 26 mwaka mzima. Ukitoka kwenye jua la nyuzi 38 mwili hushtuka, pumzi hukatika, na hapo ndipo hata mwogeleaji hodari hubabaika. Shuka ngazi polepole, jimwagie maji kifuani na shingoni, subiri pumzi itulie, ndipo uachie. Jaketi liwe la kipimo chako: funga vishikizo vyote, kisha mwenzako aliinue mabegani. Likipanda hadi masikioni ni kubwa, badilisha. Kwa mtoto dai lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu.

Ruka pale tu palipowekwa jukwaa, miguu ikitangulia, ukishika jaketi kwa mikono yote miwili begani ili lisikupige kidevuni. Pengine popote usiruke. Paa lililoporomoka zamani bado liko chini, na maji hudanganya macho, huwezi kupima kwa jicho jiwe liko kina gani. Usiingie chini ya mwamba mahali ambapo hauoni nuru ya tundu. Wapiga mbizi wa mapangoni hutumia kamba ya kuwarudisha na mitungi ya akiba, na bado wamekufa humo. Usiguse nguzo za mawe, mafuta ya ngozi huzuia jiwe kuendelea kukua. Viatu vya majini vyenye soli ya mpira vinasaidia sana kwenye ngazi. Samaki weusi wadogo na kambare hawana neno. Na ukiona ndege mwenye mkia mrefu unaoishia na manyoya mawili mapana nchani kama pendulo ya saa ya ukutani, huyo ni toh: hujenga kwenye kuta za senote, na watu wa huku humtumia kujua maji yalipo.

Chakula cha Yucatán kinastahili muda wake. Kochinita pibil, inayosifiwa kuliko vyote, ni nguruwe aliyepakwa achote, kiungo chekundu cha mbegu, na maji ya madanzi, yaani machungwa machachu, akafungwa kwa majani ya migomba na kuokwa shimoni. Mwislamu aombe kuku wa pibil, au sopa de lima, mchuzi wa kuku au bata mzinga wenye ndimu. Ila maharage na tamale, unga wa mahindi uliofungwa kwenye majani, hupikwa mara nyingi kwa mafuta ya nguruwe, na mhudumu haoni kama hilo ni nguruwe. Sema maneno yote mawili: sin puerco, sin manteca, yaani bila nguruwe, bila mafuta yake. Papadzules, chapati za mahindi zenye mayai ya kuchemsha na mchuzi wa mbegu za maboga, huwa salama zaidi ukishathibitisha. Pilipili habanero huletwa pembeni. Onja kwa ncha ya kijiko.

Anayechukia msongamano kabisa afikirie Ek Balam, kilomita 25 hivi kaskazini mwa Valladolid. Kaburi la mfalme Ukit Kan Le'k Tok', aliyetawala kuanzia mwaka 770, lina mlango uliofinyangwa kwa chokaa kama kinywa cha joka, na plasta yake bado ni nyeupe. Kwa watu wa Kilwa na Gedi, wanaojua kazi ya chokaa, kuona plasta ya miaka 1,200 ikiwa na meno na nywele zake kamili ni jambo kubwa. Senote ya X'Canché iko kilomita moja na nusu kutoka hapo, kwa miguu au baiskeli.

Wanaorudi Cancún waondoke senote si zaidi ya saa 9 alasiri kwa saa ya Yucatán, ambayo ni saa 10 huko wanakokwenda. Watafika kwenye saa 12:30 jioni. Dereva anayetaka kukwepa tozo atapita barabara ya zamani ya vijijini. Mchana inapendeza, lakini ina matuta makali yasiyo na alama, na gizani kuna baiskeli za magurudumu matatu zisizo na taa. Mwambieni mapema apite barabara ya kulipia, tozo mchange wote. Na usikate tiketi ya ndege ya usiku uleule.